Gari la Kimo cha Mama

Juzi nilipita uchochoro mmoja mjini Jinja nikimtafuta fundi wa simu, nikakutana na harufu ya chuma kinachokatwa. Ni ile harufu kali ya rangi inayoungua iliyochanganyika na grisi ya miaka mingi, inayoingia puani na kukaa humo hadi jioni. Wapita njia walikuwa wanaziba pua. Mimi nilisimama palepale katikati ya njia, mpaka mwendesha boda akanipigia honi na kuniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa Malukhu, Mbale, na meno yangu ya mbele yalikuwa yametoka hayajarudi.

Nianze na nyumba yetu, maana bila nyumba hamtanielewa. Tulikaa Mafubira, pembeni mwa Jinja, na nyumba yetu ilikuwa fupi. Sisemi paa, paa lilikuwa kama la majirani. Nasema vilivyokuwa ndani. Kitasa cha mlango kilikuwa usawa wa kifua changu. Swichi ya taa, rafu ya vikombe, ndoano ya taulo, meza ya kukatia vitunguu, vyote nilivifikia bila kupanda juu ya kitu chochote. Kitanda cha wazazi wangu kilikuwa chini kuliko benchi la shule. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nyumba ile nilijengewa mimi, na niliwahurumia watoto wa jirani ambao mama zao walificha sukari juu ya kabati. Nilichelewa sana kugundua kwamba nyumba ilikuwa ya Mama.

Mama aliugua polio akiwa mdogo, na tangu hapo miguu yake haikumbeba tena. Ndani ya nyumba alitembea kwa mikono, akihama kutoka kigoda hadi kigoda kwa wepesi ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine. Nje alikuwa na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mabega yake yalikuwa mapana, na hakuna kijana wa mtaa wetu aliyethubutu kushikana naye mkono mezani kuona nani atamlaza mwenzake. Aliyethubutu alilazwa, akarudi kwao akisema mkono ulikuwa unamuuma tangu jana.

Alikuwa mfanyabiashara. Aliuza vitenge na mitandio, na kila siku ya soko tulisafiri naye hadi Nakaloke, karibu na Mbale, kwao alikozaliwa, ambako wanawake walimsubiri yeye hata kama jirani yake alikuwa na kitenge kilekile. Baba ndiye aliyeendesha. Gari letu lilikuwa pikapu kuukuu ambayo mmiliki wake wa kwanza alikuwa mkulima, na huyo bwana alikuwa ameongeza vyuma vya springi nyuma na kuliinua mbele ili libebe magunia ya mahindi bila kulalamika. Matokeo yake lilikuwa limesimama juu juu, na katika maisha yetu yote ya kimo cha Mama, gari ndicho kitu pekee kilichomzidi.

Basi Baba alimbeba. Kila siku ya safari, alfajiri, alikunja mikono ya shati, akasema bismillahi, akainama. Mama alizungusha mkono shingoni mwake, Baba akamnyanyua mpaka kifuani, akamkalisha kwenye kiti, akamvuta gauni lifunike miguu vizuri. Tukifika Nakaloke alimshusha vilevile. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nikitazama, na nilijivuna. Baba za wenzangu hawakuwabeba mama zao. Mmoja hata salamu alikuwa anampa mkewe kwa shida. Nilijiambia kwamba nimeyaona mapenzi kwa macho yangu, yana mikono iliyokunjwa shati na yanatoka jasho kidogo usoni. Mama alikuwa anageuza uso kuelekea ukutani wakati wa kubebwa, nami nikadhani anaona haya kama bibi harusi.

Siku moja sokoni mvua ilianza ghafla wakati Baba amekwenda msikitini kuswali adhuhuri. Wapagazi wawili wakamwona Mama ananyeshewa. Wakaja mbio, mmoja akamshika kwapani, mwingine magotini, wakamtia garini. Walikuwa watu wema na walimfanyia wema. Mama alivuta mtandio ukafunika uso mzima, na hakuuondoa mpaka tulipofika nyumbani. Wiki iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Iliyofuata tena, akasema vitenge vipya havijafika, ingawa vilikuwa vimejaa chumbani tunavirukaruka. Baada ya hapo hakutafuta tena sababu. Alikaa tu.

Mimi, Hanifa, nilikuwa nimelala mkekani, au walidhani nimelala, siku waliyolizungumza. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa Msoga na Mama Mgisu, na kila mmoja alikisema Kiswahili chake.

"Mimi nimechoka kubebwa, Baba Hanifa. Kama gunia."

"Kwani mimi nimesema umekuwa mzigo? Siku gani nimelalamika?"

"Hujalalamika. Anayelalamika ni mimi."

Halafu Mama akasema, "Hii nyumba ulinishushia yote, mpaka swichi. Gari kwa nini lisishuke? Vijana wa Mbale wanashusha magari yao kwa maringo, ili wasichana waone. Sisi tuna haja, tunashindwa nini?"

Nilimsikia Baba akigeuka upande mwingine, na kitanda kile kifupi kikalia.

Sikulala usingizi mzuri. Akili yangu ya wakati ule ilifanya hesabu yake haraka: Mama hataki Baba ambebe. Kubebwa ndiyo mapenzi. Kwa hiyo Mama hataki mapenzi. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye mama yake alirudi kwao na masanduku yake, na sasa nilijua kwetu nako imeanza. Gari likishushwa, Baba hatakuwa na kazi tena, na mtu asiye na kazi huondoka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sikumwambia mtu.

Fundi aliyependekezwa alikuwa Malukhu. Wote walimwita Afande, kwa sababu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, aliyejifunza ufundi katika karakana ya jeshi. Alikuwa mrefu mno na aliongea Kiswahili cha amri. Tulikwenda wakati wa likizo, tukafikia kwa mama mdogo Nakaloke, na asubuhi Baba akaliingiza gari ndani ya geti la Afande. Mama akateremshwa, akakaa kwenye baiskeli yake kivulini karibu na geti. Afande alimsalimia kutoka mbali, "Habari ya safari, nyabo," yaani bibi, macho yakiwa ardhini, halafu akamgeukia Baba.

"Bwana, hii gari iko na shida gani?"

"Iko juu sana, Afande. Tunataka irudi chini. Mama apande."

"Chini mpaka wapi?"

Baba alifikiri. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya tumbo, viganja juu. "Hapa."

Afande akapima kwa kamba kutoka ardhini hadi viganja vya Baba, akafunga fundo, kazi ikaanza. Wakaondoa vile vyuma vya springi alivyoongeza mkulima. Mbele, kulikuwa na vyuma virefu vinavyojikunja kubeba uzito wa gari. Afande alilala chini ya gari akavilegeza kwa spana, kidogo upande huu, kidogo upande ule, na kila alipolegeza pua ya gari ilishuka. Alipofika wakati wa kutoa jeki alisimama pembeni akaliamuru: "Haya, lala chini! Lala! Hapo hapo, usitikisike!"

Mimi nilishika gurudumu la baiskeli ya Mama kwa mikono yote. Babu yangu alikuwa ametusimulia mara nyingi jinsi askari wa zamani walivyowaambia watu maneno hayo hayo kwenye vizuizi vya barabarani, na yaliyofuata. Nilikuwa na hakika gari letu limekamatwa. Mama alinitazama, akaelewa, akaninong'oneza kwamba Afande huongea hivyo hata na kuku wake.

Gari liliposhuka, Baba alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na furaha yake ilinipa matumaini nisiyoyategemea. Mama akazungusha baiskeli yake mpaka kwenye mlango uliofunguliwa. Kiti cha gari kilikuwa usawa wa kifua chake. Akakitazama kiti, akaitazama mikono ya mumewe, akaanza kucheka.

"Afande, nani alikupa kipimo?"

"Bwana ndiyo alionyesha mimi."

"Basi limemwenea bwana. Sasa atanibeba bila kuumia mgongo." Akapiga kiti cha baiskeli yake kwa kiganja. "Kipimo changu ni hapa. Kiti cha gari kiangaliane na hiki, nitahama mwenyewe."

Afande alivua kofia. Mtu mzima yule, mrefu kama alivyokuwa, alisimama mbele ya Mama akikunja kofia mikononi. "Mama, nisamehe. Mimi niliogopa kuuliza wewe. Nilisema, huyu ni mke ya mtu, tena Mwislamu, nitaanza vipi kuuliza maneno ya miguu?"

"Miguu hata mimi siiulizi," Mama akasema. "Uliza mikono."

Afande akacheka mpaka wafanyakazi wake wakaacha kazi kumtazama. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiangalia viganja vyake.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu kushuka zaidi hakukuwa kazi ya spana tena. Afande alichora mchangani kwa kijiti. Nyuma, ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, ilikuwa imekaa chini ya springi. Angeihamisha ikae juu yake, na gari lingeshuka sana. Lakini ekseli ikihamia juu, kwenye kila shimo barabarani ingegonga chesi, yaani fremu inayobeba gari zima. Kwa hiyo chesi yenyewe ingekatwa, kipande cha nusu mwezi kila upande, ekseli ipate nafasi ya kupanda, na juu ya kila pengo angechomelea chuma kinene kuliko kile cha mwanzo. Mbele nako vishikio vya magurudumu vingetengenezwa upya, na kiti kingepunguzwa miguu.

"Hii ya leo unaweza rudisha kesho," Afande akasema. "Ile ingine hapana. Chesi ikishakatwa, imekatwa. Unabeba mzigo gani?"

"Vitenge," Mama akajibu.

"Vitenge iko sawa. Mahindi hapana, tena milele."

"Hapana," Baba akasema. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Chesi ni mgongo wa gari. Gari likivunjika njiani na wewe ndani? Mimi naweza kukubeba, Mama Hanifa. Mwaka huu naweza, na mwaka ujao. Kwa nini tukate gari zima?"

Niliomba kimoyomoyo Baba ashinde. Nilimtazama Mama nikitegemea akasirike, lakini uso wake ulikuwa mpole, na macho yalikuwa yamelowa.

"Najua unaweza," akasema. "Ndiyo maana sitoki nyumbani mpaka uwepo, na wewe hutoki sokoni mpaka nimalize. Tunafungana. Mimi nataka kwenda Nakaloke. Nikishindwa kupanda na kushuka mwenyewe, basi biashara nitaiacha, nitakaa Mafubira, na nitakukasirikia bila kosa lako. Sitaki kukukasirikia."

Baba alizunguka gari lile mara moja, polepole, akiligusa bodi kama mtu anayeaga. Alipomaliza akavua saa yake, akaitia mfukoni, akamwambia Afande, "Kata. Lakini nitashika mwenyewe."

Na alishika. Wakati grainda inakata chesi na cheche zinaruka, na ile harufu inajaa yadi nzima, Baba alikuwa amepiga magoti upande wa pili akishikilia vile vyuma vinene visisogee, kichwa amekigeuza, macho ameyafumba kwa nguvu. Kazi ilichukua siku kadhaa. Kila tukifika asubuhi gari lilikuwa halina kitu fulani zaidi, mara magurudumu, mara kiti, mara pua yote. Afande alirudia mshono mmoja kwa sababu haukumridhisha, akaugonga kwa nyundo, akausikiliza, akaugonga tena. Mimi nilikaa kwenye tairi kuukuu nikihesabu moyoni nani atapata nyumba na nani atanipata mimi.

Lilipokuwa tayari, pikapu ilikuwa imelala karibu na ardhi hata vijana wa gereji ya jirani walikuja kuitazama kwa wivu, wakidhani ni ya mtoto wa tajiri. Afande aliwaondoa. Mama akasogeza baiskeli mlangoni. Kiti na kiti vikaangaliana.

Watu wakaanza kukusanyika, kama watu wanavyofanya. Mama akasita, mkono ukaenda kwenye mtandio. Afande aliona. Akanyoosha mgongo wake mrefu, akapaza sauti ya gwaride: "Watu wote, nyuma geuka!"

Na wote wakageuka. Wafanyakazi wenye ovaroli, muuza chai, vijana wa jirani, hata mzee mmoja aliyekuwa amepita tu, wote walielekea ukutani wakiwa wamekakamaa, na Afande mwenyewe mbele yao. Baba hakujua kama amri inamhusu mume. Alibabaika kidogo, kisha naye akageuka. Mimi nilikuwa mdogo, hakuna aliyenihesabu, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeona. Mama aliweka kiganja kimoja kwenye kiti cha gari na kingine kwenye baiskeli. Akavuta pumzi. Mabega yakapanda, mwili ukanyanyuka, ukavuka, ukakaa. Akavuta miguu yake ndani, mmoja, halafu wa pili, akarekebisha gauni. Kisha, badala ya kuwaita, akanyoosha mkono upande wa dereva akapiga honi.

Walishtuka wote, wakageuka, wakapiga makofi na vigelegele, na muuza chai akamwaga chai yake. Mama alikuwa amekaa kitini, mtandio uko sawa, anacheka na machozi yanatiririka. Baba alicheka pia. Lakini mimi nilimtazama mikono. Ilikuwa inaning'inia tu, shati limekunjwa kama kawaida, haina la kufanya. Nikajua ndiyo mwisho.

Siku ya soko ilipofika tulikwenda Nakaloke. Tulipita kila tuta la barabarani kwa mwendo wa mtu anayevuka mkeka wenye wageni, na Mama kila tuta alimpa Baba pole. Baba alishusha baiskeli, Mama akahama, akaenda mwenyewe mpaka mahali pake na furushi la vitenge mapajani. Wale wapagazi wawili walikuja mbio kwa mazoea, wakamkuta amekwisha kukaa anakunjua mtandio. Mmoja akauliza nani amemshusha. "Nimeshuka," Mama akasema, akamwonyesha mteja rangi ya kijani.

Baba alikwenda kukaa nyuma ya pikapu kama alivyokaa siku zote za soko, akimwangalia kutoka mbali ili akihitajiwa awe tayari. Mama alimtazama mara mbili.

"Baba Hanifa, unangoja nini? Nenda zako utembee. Mchukue na mtoto."

Ndiyo hayo, niliwaza. Anafukuzwa, nami pamoja naye. Baba alisimama, akajifuta suruali, akanyoosha mkono, nami nikaushika. Katika miaka yangu yote sikuwahi kutembea na baba yangu sokoni. Alinionyesha wanaouza mbuzi, akabishana na mtu juu ya bei ya redio asiyotaka kununua, akaninunulia kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi, akaniinua juu ya mabega yake nimwone mganga wa nyoka. Alijua nyimbo. Alijua kuongea na mbuzi kwa sauti ya Afande, nikacheka mpaka kabalagala ikanitoka mdomoni. Huyu mtu alikuwa amekaa nyuma ya pikapu muda wote huo.

Halafu akaanza kupunguza mwendo. Alisimama kwenye kibanda cha sahani, akashika moja, akairudisha. Akatazama tulikotoka. "Turudi?" akaniuliza. Nami nilikuwa nataka kurudi vilevile.

Mama alikuwa katikati ya wanawake watatu, mkono mmoja una kitenge, mwingine una mkasi, anasema na wote kwa pamoja. Hakuwa anahitaji kubebwa, wala kushushwa, wala kuletewa kitu. Akatuona.

"Mbona mmerudi mapema hivi? Kuna nini?"

Baba alisimama pale mbele ya wale wanawake, mikono imejaa mafuta ya kabalagala, akaona haya.

"Hakuna kitu," akasema. "Tumekukumbuka."

Wanawake wakaguna na kucheka. Mama hakugeuza uso ukutani, na ukuta wenyewe haukuwepo. Alimtazama Baba moja kwa moja, muda mrefu, kitenge kikiwa hewani. Kisha akasogeza furushi, akatupa nafasi ya kukaa.